Pango la Bi Mwanatumu

Huko Kinondo, mwanamke akipita na pweza mkononi utamwamkia vizuri. Utamuuliza hali ya watoto, utamuuliza goti linalomsumbua, hata utamtania kwamba pweza wa leo ni mdogo, labda alikuwa bado ananyonya. Lakini hutamuuliza amemtoa wapi. Hakuna aliyeliandika jambo hilo, wala hakuna mtoto aliyekalishwa chini akafundishwa. Mtu hujua tu, kama ajuavyo kwamba hafunui chungu kilicho jikoni kwa mwenzake.

Sababu yake ni hii. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au umekamilika, bahari hukupwa sana, na mwamba wote hutoka majini ukaachwa mtupu. Hapo wanawake huteremka na vijiti vyao kwenda kuchokoa pweza. Pweza hukaa pangoni, na pango likiwa zuri, ukimtoa huyu haupiti muda mrefu kabla hajahamia mwingine. "Nyumba nzuri haikosi mpangaji," husema wanawake wa huko. Basi mwenye pango zuri ni kama mwenye shamba lisilotaka kupaliliwa wala kulindwa dhidi ya nyani, na shamba hilo hurithishwa. Mama humwonyesha binti yake, wakiwa wawili tu, siku anapoona mwenyewe kwamba wakati umefika.

Mejumaa alikuwa na pango la namna hiyo. Alionyeshwa na mamake, Bi Mwanatumu, ambaye alionyeshwa na mamake. Bamvua liwe zuri liwe baya, wenzake warudi na vikapu vyepesi, yeye hakukosa.

"Huyu Mejumaa anawafuga," majirani walisema. "Anawafuga nyuma ya nyumba pamoja na kuku."

"Nawafuga, ndiyo," Mejumaa alijibu. "Tena wangu hawawiki alfajiri wakaamsha watu, kama jogoo wako yule asiyejua saa."

Mungu alimjalia wana wawili wa kiume, hakumjalia binti. Dada yake mdogo ndiye aliyejaliwa binti, Mbeyu. Lakini dada huyo aliolewa Msambweni, akawa mtu wa cherehani, na bahari akawa anaiona kwa mbali anapokwenda sokoni. Kwa hivyo Mbeyu alipokuwa mdogo, kila alipokuja Kinondo likizoni, Mejumaa alikuwa akitazama jinsi miguu ile midogo inavyokanyaga mwamba bila kuteleza, akajiambia moyoni: huyu ndiye.

Mbeyu alisoma mpaka chuo kikuu, akachukua shahada ya utalii, akarudi kukaa kwa mamake mkubwa Kinondo. Wenzake walitafuta kazi za mezani hotelini. Yeye alikuwa na jambo lake. Aliamini kwamba wageni wanaokuja Diani hawaoni kitu. Wanalala mchana kutwa kando ya bwawa la kuogelea, na bahari yenyewe iko pale pale, kama mtu aliyealikwa karamuni akaishia kunawa mikono. Mbeyu alitaka wale. Alitaka wawaone mbega wa Diani wakivuka barabara juu kwa juu kwenye ngazi za kamba, mama na mtoto aliyemng'ang'ania tumboni. Alitaka wapande vilima vya Shimba, wateremke msituni mpaka kwenye maporomoko, wasimame chini ya maji yale baridi na kupiga kelele. Alitaka wafungwe kaniki nyeusi kiunoni waingie kayani, msitu mtakatifu wa wazee, kwa sauti ya chini. Na mwisho, bamvua likifika, alitaka wakanyage mwamba, kisiwa cha Chale kikiwa pale mbele yao, waone bahari ilivyo inapovua nguo.

"Na wakishaona?" Mejumaa alimuuliza.

"Mtu akiona kitu kizuri hakiharibu, Mama Mkubwa. Watu wanaharibu kwa sababu hawajaona."

Mejumaa hakubisha. Alipenda kumsikia mtoto huyu akizungumza, hata pale aliposhindwa kuamini anachosema.

Aliyempelekea Mbeyu wageni ni Rispah, mwenzake wa chumba kimoja chuoni, mtu wa Homa Bay, ambaye sasa alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Rispah alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. "Wewe niachie mimi," alisema. "Wageni wangu wamechoka na pool, wamechoka na buffet. Hii yako itabamba, nakwambia."

Ikabamba kweli, wageni wakaipenda.

Kabla wageni hawajawa wengi, asubuhi moja ya bamvua, Mejumaa alimwamsha Mbeyu akamwambia achukue kikapu. Walitembea kimya juu ya mwamba, Mejumaa mbele, leso ameikunja mpaka magotini. Waliwapita wanawake wengine wakasalimiana nao. Wakaendelea mpaka sauti zao zikapotea. Mejumaa akageuka kutazama pwani, akatazama kushoto na kulia, kisha akachuchumaa pahali ambapo Mbeyu asingepatambua hata kama angepita kila siku. Mwamba ulikuwa umejikunja kama kiganja cha mtu anayepokea kitu, na chini ya kidole gumba palikuwa na mlango mweusi, mdogo kama mdomo wa kikombe. Nje palitapakaa maganda ya kaa na kome.

"Unaziona takataka hizo?" Mejumaa alinong'ona. "Mwenyewe yumo. Pweza anajua kula, kufagia hajui."

"Kama Swabir," Mbeyu akasema. Swabir alikuwa mwana mkubwa wa Mejumaa.

Mejumaa alicheka mpaka akashika mwamba asianguke. "Huyo sasa ana mke, atafagiliwa." Kisha kicheko kikamwisha, akauweka mkono wake juu ya jiwe lile kama anayempapasa mtoto kichwani. "Hapa ni kwa mamangu. Nyanyako alinileta hapa nikiwa sijaolewa bado. Sasa ni kwako. Usitie chuma humu hata siku moja. Kijiti tu, tena umbembeleze, atoke kwa hiari yake akidhani ni yeye aliyetaka. Ukimkuta jike amelalia mayai, mfunikie mlango uende zako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mdomo."

Akajiwekea kidole midomoni. Mbeyu aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga, kwa maana alijua amepewa nini na kwa nini amepewa yeye. Aliitikia kwa moyo wake wote. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yalimuuma zaidi: hakuwa amedanganya.

Safari za mwambani zilipoanza, Mbeyu alimsihi mamake mkubwa afuatane naye, awaonyeshe wageni namna ya kumtambua pweza kwa maganda, namna ya kushika kijiti. Waende kwenye mapango ya karibu tu, yale yanayojulikana na kila mtu, yasiyokuwa na mwenyewe.

"Mimi? Niende nikatazamwe kama ngamia wa pale ufukweni?"

"Ngamia hazungumzi, Mama Mkubwa. Wewe utawachekesha."

Alikataa mara ya kwanza, ya pili akaenda kwa kulalamika, ya tatu akawa ameoga mapema akimsubiri Mbeyu mlangoni. Wageni walimpenda. Walicheka aliposema jambo na walicheka kabla hajalisema. Walitaka kupiga picha naye, na Mejumaa, ambaye hajapata kuombwa picha ila ya kitambulisho, akaanza kuchagua leso. Kulikuwa na leso ya manjano aliyoinunua wakati wa Idi akaiweka kabatini; ikatoka kabatini. Mbeyu aliona hayo yote akafurahi. Alijiambia kwamba hivi ndivyo alivyotaka: mgeni aone, na mwenyeji naye aonekane.

Kisha akaja Mwalimu Beryl.

Mwalimu Beryl alimsomesha Rispah shule ya msingi. Alikuwa amestaafu, mwembamba, mwenye kofia pana na fimbo ya kutembelea. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamechangishana ili aone bahari kabla hajafa. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe bila huzuni yoyote. Maisha yake yote aliishi kando ya ziwa. Alipofika ukingoni mwa mchanga akauona mwamba mtupu unaong'aa mpaka kule mawimbi yanakovunjika, alisimama akaikaza ile fimbo.

"Huko kwetu maji yakikaa, yamekaa," alisema. "Haya yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda Pemba kusalimia," Mejumaa alimjibu. "Yatarudi adhuhuri, hayalali huko."

Mwalimu Beryl alicheka akamshika Mejumaa mkono, na tangu hapo hakuuachia. Wakatembea kama dada wawili, na Rispah, aliyekuja na mwalimu wake, akafuata nyuma ameibeba ile fimbo. Mkono wake wa pili ulishikwa na Boga, mtembezaji wageni wa pale ufukweni, mtu mzima mwenye maneno matamu na watoto wanne, ambaye Mbeyu alimwomba waje naye ili mzee asiteleze.

Siku hiyo bahati haikuwapo. Walipofika mapango ya karibu walikuta yamekwisha kupitiwa na wanawake waliotangulia. Waliona nyota za bahari, waliona kaa aliyewatishia kwa gando lake kisha akakimbia. Pweza hawakumwona. Mejumaa alijaribu kijiti hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Basi, mwanangu," Mwalimu Beryl alimwambia Mbeyu. "Nimeona maji yakiondoka. Yanatosha hayo. Pweza nitamwona kwenye kitabu, ndiko nilikomwona siku zote."

Alisema kwa upole, wala hakuwa analalamika. Na upole ule ndio uliomshinda Mbeyu. Alimwona mwanamke huyu aliyewachorea watoto wa watu pweza ubaoni kwa chaki, mwaka baada ya mwaka, bila kumwona, sasa amefika mpaka mlangoni pake na anarudi.

"Bado, Mwalimu. Kuna pahali." Akamgeukia mamake mkubwa. "Mama Mkubwa, si tuwapeleke kwa nyanya?"

Mejumaa alimtazama Mbeyu, akamtazama Boga, akautazama mkono wa mgeni uliomo mkononi mwake. Upepo ulikuwa ukiipeperusha ile leso ya manjano. Kisha akatabasamu.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana."

Na Mbeyu, mtoto wa Pwani aliyezaliwa na kulelewa humu humu, alilichukua neno hilo kuwa ruhusa. Lau angekuwa Rispah, mtu wa bara, angesamehewa. Lakini Mbeyu alijua vizuri kwamba mwenyeji hamnyimi mgeni mbele ya uso wake, hata kama anachokiomba ni godoro alilolalia. Ukitaka kujua mwenye nyumba anasemaje, muulize mgeni asipokuwapo. Hilo alilijua tangu yu mdogo, na kwa muda ule mfupi, kwa ajili ya huruma yake tu, hakutaka kulijua.

Wakaenda. Mejumaa alichuchumaa penye jiwe lile lililojikunja akambembeleza mwenye nyumba kwa kijiti. Ukatoka mkono mmoja, mwembamba, ukipapasa kama kipofu. Ukatoka wa pili. Mwalimu Beryl alipiga magoti ndani ya maji yenye joto bila kujali nguo zake, akanyoosha kidole, na pweza akakizungushia mkono wake, akageuka rangi kutoka kijivu kuwa hudhurungi kuwa nyekundu.

"Ananishika," Mwalimu Beryl alisema kwa sauti ya mtoto. "Rispah, ananishika!"

"Namwona, Mwalimu! Usisonge, nachukua video. Woi, angalia!"

Mbeyu alilia waziwazi. Mejumaa hakumtoa pweza yule. Alimwacha akarudi ndani mwake polepole, na kidole cha Mwalimu kikabaki na alama za duara, ambazo alizitazama njia nzima ya kurudi. Haikuwapo siku nzuri kuliko hiyo katika kazi yote ya Mbeyu. Aliiona vile wakati ule, na hata baadaye, yote yalipokwisha kuharibika, hakuweza kuiona vinginevyo. Hilo nalo lilimchanganya.

Njiani kuelekea nyumbani Mejumaa alizungumza habari za kuni na za nazi. Walipofika, mke wa Swabir alikuwa uani akiosha masufuria. Aliitwa Kadzo, mtu wa Mkongani, msichana mtaratibu aliyezoea mashamba na mabonde, ambaye tangu aolewe hakuwa ameingia kwenye maji ya bahari kupita vifundo vya miguu. Aliwapokea kikapu kitupu bila kuuliza.

"Mama Mkubwa," Mbeyu alisema, "umeona alivyofurahi yule mzee?"

"Nimeona."

"Hukukasirika?"

"Nenda ukaoge, chumvi itakuwasha," Mejumaa alisema, akaingia ndani.

Ile video Rispah aliituma kwa wenzake wachache, wenzake wakaituma kwa wenzao. Ilikuwa nzuri mno. Nani angeweza kuiona akanyamaza? Mzee mwenye kofia, kidole, pweza anayegeuka rangi, na nyuma yao Chale, wazi kabisa, kiasi kwamba mtu anayeujua mwamba ule alihitaji tu kusimama pahali kisiwa kinapokaa vile. Simu zikaanza kupigwa hotelini. Watu hawakutaka matembezi ya mwambani tena. Walitaka pweza yule.

Bamvua lililofuata, Mbeyu na mamake mkubwa waliteremka peke yao. Kutoka mbali waliwaona watu, kundi kubwa, kofia na miavuli, wamesimama duara. Mejumaa hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Walipokaribia walisikia sauti ya chuma juu ya jiwe.

Boga alikuwa ameinama na nondo. Pweza alikuwa ameingia ndani zaidi, kama angefanya kiumbe yeyote mwenye akili, na wageni walikuwa wamelipa wamwone. Basi Boga alikuwa ameuvunja mlango. Kile kidole gumba cha jiwe kilikuwa kimelala kando, ndani yake kikiwa cheupe kama mfupa. Pango lilikuwa wazi juani, mtu aliweza kuona mpaka mwisho wake, na mwisho wake haukuwa na kitu.

"Assalamu alaikum," alisema Mejumaa.

"Waalaikum salaam, mama! Shikamoo!" Boga aliinuka akifuta jasho, akawageukia wageni. "Huyu ndiye mama wa kwenye video! Mwenyewe!"

Wageni wakapiga makofi. Wakanyanyua simu zao. Na Mejumaa, leso yake imekunjwa magotini, alisimama akatazamwa. Alitabasamu. "Marahaba. Karibuni, wageni. Karibuni Kinondo." Kisha akawapita akaendelea na safari yake, polepole, kama mtu aliyekuwa akienda mbele zaidi tangu mwanzo.

Mbeyu alimvuta Boga kando.

"Boga, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?" Boga alishangaa kwa kweli. "Dada, mimi nilitaka kuja kwako nyumbani kukushukuru. Umenifungulia riziki, wallahi. Wiki hii sijapumzika."

"Umepavunja! Hapa ni pahali pa mtu!"

"Si wewe uliyetuleta?" Hakusema kwa ubaya. "Mimi nimekaa ufukweni hapa tangu nipate akili, Mbeyu, na sikujua kwamba hapa pana pango. Sikuuliza hata siku moja. Wewe ndiye uliyetushika mikono. Na mwenye pahali akasema karibuni, nilisikia kwa masikio yangu haya."

Kila neno lilikuwa kweli.

Jioni alimkuta Mejumaa jikoni akikaanga dagaa wa dukani. Katika nyumba ile, siku ya bamvua, hajapata kuona dagaa wa dukani. Alikaa kwenye kibao karibu na jiko.

"Nisamehe, Mama Mkubwa."

"Nimekusamehe."

"Usiseme haraka hivyo."

"Unataka nikuchelewesheeje?" Mejumaa aligeuza dagaa. "Nami sikubebeshi yote. Nilipenda kutazamwa. Mtu mzima mimi, nikawa nachagua leso kwenda kwenye maji. Ningesema hapana siku ile, pango lingekuwapo."

"Kwa nini hukusema?"

Mejumaa alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa kwa nini hali chakula kwa mguu. "Mbele ya mgeni?"

Mafuta yalikuwa yakiruka. Kisha Mejumaa akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mamangu angekuwa hai ningemwambia nini? Ndilo ninalojiuliza. Silali vizuri kwa ajili ya hilo tu."

Mbeyu naye hakulala vizuri, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye imani, aliamua kwamba lililoharibika lazima litengenezwe. Alikwenda kwa kamati ya wavuvi wa pale ufukweni akaomba kuzungumza. Akasimama mbele ya wazee na wanawake wa mwambani, akasema kosa ni lake, akalitaja bila kulipamba. Akaomba sehemu ile ya mwamba ifungwe, asikanyage mgeni wala mwenyeji, na chuma kisitumike tena popote mwambani. Walibishana sana. Boga mwenyewe, aliyekuja amenuna, mwishowe alisema kwamba pweza akiisha na wageni wataisha, akainua mkono kukubali. Wakaweka miti yenye vitambaa vyekundu kuzunguka sehemu ile, na Boga ndiye aliyeisimamisha, maji yakimfika kifuani.

Mbeyu alikimbia nyumbani na habari hizo.

"Wamekubali, Mama Mkubwa! Wamepafunga. Hakuna atakayepita tena."

Mejumaa alikuwa akisuka ukili. Aliuweka chini, akamvuta Mbeyu akakaa karibu naye, akamfuta jasho usoni kwa ncha ya leso.

"Mmefanya vizuri. Watoto wa watu watakula huko baadaye," alisema. "Lakini pale kwa mamangu, mwanangu, mmefunga mlango na nyumba haina kuta. Jiwe lile halioti katika umri wangu. Wala wako."

Mbeyu aliukumbatia ule mkono wenye harufu ya ukili. Alitaka kuuliza kama yako mengine, kama Bi Mwanatumu alimwachia binti yake pahali pengine huko mbele. Alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kuuliza alipohisi mkono wa mamake mkubwa ukigeuka mzito ndani ya mikono yake. Hakuuliza. Na Mejumaa, aliyeisikia pumzi ile, akaurudia ukili wake.

Maisha yakaendelea, kwani ndiyo desturi yake. Mbeyu aliifuta safari ya mwambani. Aliwapeleka wageni Shimba, aliwapeleka kwa mbega, akawaambia watembee nyuma yake wasitoke njiani, akawa mkali kidogo kuliko zamani. Rispah alimpigia simu akilia, akasema ameifuta ile video, ingawa wote wawili walijua imekwisha kwenda isikofutika. Mwalimu Beryl aliwatumia salamu kutoka ziwani na hakuambiwa kitu. Nyumbani Mejumaa alikuwa yule yule: mzaha wake, chai yake ya tangawizi, "umekula?" yake. Alimpenda Mbeyu vile vile. Mbeyu aliyapima mapenzi yale kila siku na hakuyakuta yamepungua hata chembe. Kilichopungua kilikuwa kitu kingine.

Asubuhi moja ya bamvua, kabla jua halijapanda, Kadzo alisimama mlangoni kwa Mbeyu. Alikuwa amevaa nguo za kazi na leso ameifunga vibaya, juu mno, kama mtu anayekwenda shambani.

"Dada Mbeyu, samahani nimekuamsha. Una vile viatu vyako vya raba, vya mwambani?"

"Ninavyo. Unakwenda wapi?"

Kadzo aliangalia chini. "Mama amesema leo niteremke naye. Sisi wawili." Kisha akaongeza haraka, kwa aibu, "Mimi sikumwomba, dada. Aliniita tu jana nikichambua mboga, akaniambia. Nilimwambia mbona mimi sijui bahari, akasema nitajua."

Mbeyu aliketi kitandani. Alikuwa amemwona Kadzo tangu siku ya kwanza, anavyopokea kikapu bila kukichungulia, anavyosikia maneno ya jirani yakaishia kwake. Angechagua nani, kama angekuwa yeye ndiye anayechagua? Aliinuka akavuta viatu kutoka chini ya kitanda, akavikung'uta mchanga.

"Kaa hapa," alisema.

Viatu vilikuwa vikubwa. Mbeyu alichana kitambaa cha zamani vipande viwili, akavisokomeza ndani, mbele penye vidole, akapiga magoti sakafuni akamvalisha, mguu wa kushoto kisha wa kulia, akakaza kamba zake.

"Naogopa," Kadzo alisema kwa sauti ndogo.

"Kanyaga penye miguu yake. Akisimama, simama. Penye majani mabichi usipaamini, panateleza." Akaifungua leso ya Kadzo akaifunga upya, chini zaidi, ikae magotini. "Hivyo. Sasa utatembea."

"Ni mbali huko tunakokwenda?"

"Sijui, Kadzo," Mbeyu alisema. "Nenda. Anakungoja."

Kadzo alitoka. Mbeyu alibaki vile vile amepiga magoti, akawasikia wakikutana uani. "Toba, umevaa mashua?" Mejumaa alisema, na Kadzo akacheka, kicheko kirefu ambacho Mbeyu hakuwa amekisikia kwake kabla. Nyayo zao zikaingia kwenye mchanga. Mejumaa alikuwa akisema jambo, sauti ikishuka, ikishuka tena, mpaka ikawa chini mno kusikika na mtu aliyebaki nyumbani.